Maji ya Bati Jipya

Alistidia aliamka alfajiri, akachukua debe, akateremka bondeni. Hivyo ndivyo siku zake zilivyoanza tangu kiangazi kiishike kijiji cha Izigo. Chemchemi ilikuwa imepungua hadi watu wakachota kwa kikombe, na foleni ilikuwa ndefu. Siku nyingine jirani yao Shamsia alimwona amevaa sare, akamsogeza mbele. Hata hivyo, alipomaliza kupanda kilima, kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia.

"Tena, Alistidia?" Mwalimu Mutembei alimwambia Jumatatu. "Ukichelewa mara moja zaidi, nitamwita baba yako."

Tata, baba yake, alikwisha kusema wazi: siku atakapoitwa shuleni, binti ataacha darasa la sita, abaki nyumbani. Lakini maji nayo lazima yaletwe. Alijiona kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili, kila moja ikivuta kwake.

Kesho yake akachota katikati ya mteremko, kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Aliyachuja kwa kitambaa, akawahi shuleni. Akafanya hivyo siku tatu. Mae, mama yake, alipouliza mbona maji yananuka, alijibu, "Chemchemi imepungua, Mae."

Ijumaa mdogo wake, Mujuni, akaanza kuhara.

Jumamosi Mae alirudi naye kutoka zahanati, amelegea mgongoni kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Walikuwa wameambiwa wamnyweshe maji safi yaliyochemshwa, mara kwa mara. Mae hajakaa sawasawa, mvua ya kwanza ya msimu ikapasuka. Njia ya bondeni ikawa utelezi mtupu. Hakuna ambaye angeweza kuteremka.

"Maji," Mujuni alilia. Mae akainamia debe lililobaki nusu.

"Usimpe, Mae!" Alistidia alilishika debe kwa mikono miwili. "Nimeyachota kwenye dimbwi la ng'ombe. Siku zote tatu. Nilikudanganya."

Mae alifungua mdomo kwa hasira, lakini Bibi Ephrasia, aliyeketi kando, akamgusa bega. "Mwache amalize."

Alistidia akaeleza yote: kengele, mwalimu, Tata. Kisha akatazama nje, maji yakimwagika kutoka kwenye bati.

"Tukinge haya, Bibi."

"Maji ya paa hayanywewi," Mae alisema. Wote walikulia katika msonge, nyumba ya nyasi, ambako maji ya paa hutoka meusi kama chai ya rangi. Nyumba hii ya bati walikuwa wameihamia miezi minne tu iliyopita.

Alistidia alinyoosha kikombe mlangoni, akamletea Bibi. Ndani hamkuwa na weusi wa nyasi, ila vumbi kidogo. Bibi akacheka.

"Miezi minne tunalala chini ya bati, na bado tunaogopa nyasi! Haya, tusikinge sasa hivi. Bati lina vumbi na mavi ya ndege ya kiangazi kizima. Liache lijioshe kwanza."

Walipasua shina la mgomba, wakalitegesha chini ya ukingo wa paa liyapokee maji. Bibi akaonyesha mtumbwi, hori la mti ambamo Tata hukamulia ndizi za pombe.

"Tata atatuua!" Alistidia alisema.

"Huyo Tata wako nilimzaa mimi. Vuta!"

Wakausugua, na bati lilipokwisha kujiosha wakauweka chini ya shina, ukajaa.

Tata alirudi kutoka shamba la ujamaa, amelowa chapachapa. "Nani amegusa mtumbwi wangu?"

Bibi alimsimulia yote bila kuficha. Tata alimtazama Mujuni akinywa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Akatoka akazunguka nyumba. Upande usiotegeshwa shina la mgomba, maji ya paa yalikuwa yamechimba mfereji na kuzoa nyasi zote alizotandaza kwenye mibuni ya kibanja, shamba lao linalozunguka nyumba. Upande wa mtumbwi, nyasi zilitulia na udongo ulibaki mahali pake.

"Kesho tutaweka na huku," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaomba pipa kwa jirani yetu Mutalemwa. Na Jumatatu nitakwenda kwa mwalimu mwenyewe. Nitamwambia anayemchelewesha mtoto ni mimi."

Jumatatu Tata na Alistidia walikwenda pamoja, wakafika kabla ya kengele. Mujuni naye alikuwa ameanza kudai ndizi.

Jioni Bibi alimketisha Alistidia karibu naye.

"Uongo wako ulimwumiza mdogo wako. Usiusahau. Lakini na sisi wakubwa tulikuona unapanda kile kilima, tukanyamaza. Ukibanwa tena, sema siku ileile, tubanwe wote. Na maji haya tuyakinge kila mvua. Tukiyakinga, hayachimbi kibanja chetu, na chemchemi inawabakia wale ambao hawajapata bati."

"Kama akina Shamsia," Alistidia alisema.

"Kama akina Shamsia," Bibi aliitika.