Kobe Kumi na Mmoja wa Lambo

Haya yalimfika rafiki yangu Tumsifu mwaka wa tisini na saba, ukame ulipolikausha lambo moja nyuma ya Msalato. Yeye na wanafunzi wenzake walijitolea kuwafukua kobe wa maji waliokwama topeni, wawahamishie bwawa lingine kabla jua halijawamaliza.

Tangu asubuhi walichimba, wakapata mizoga tu. Alasiri ndipo walipowapata kumi na mmoja walio hai. Mmoja alimng'ata mwanafunzi mwenzao Miriam kidole hadi damu ikatoka.

"Pole, dada," Tumsifu alimtania. "Ndizo shukrani zake hizo."

"Na zako zinakuja, kaka. Mbebe wewe!"

Wakawatia katika gunia lililoloweshwa, wakapanda lori la mfanyabiashara aliyewahurumia. Giza likawakuta njiani. Tumsifu alilipakata gunia, akisikia kucha zikikwaruza ndani, kwaru, kwaru, na kwa kila mkwaruzo alijipa moyo kwamba hawa, angalau, wataishi.

Bwawani Miriam aliwasha tochi, naye Tumsifu akawatoa mmoja mmoja. Yalikuwa magamba matupu, makavu, mepesi kama maganda ya karanga. Ndani ya kila gamba mlikuwa na utando wa buibui uliojaa vumbi la siku nyingi, wala haukukatika hata uzi mmoja.

"Tumsifu," Miriam alinong'ona, "acha kukwaruza."

Mikono yote miwili ya Tumsifu ilikuwa imelishika gamba la mwisho. Gunia lilikuwa chini, limelala bapa, na ndani yake kucha ziliendelea: kwaru, kwaru.