Swali la Restuta wa Kituo cha Maji

Kitendawili. Sema, "Tega."

Naingia kila nyumba bila kubisha hodi. Ukinifungua shingo naimba, ukinikaza nanyamaza. Mimi ni nani?

Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kiberege? Ahsante. Nimekwenda Kiberege, nimekula wali wa mpunga mpya kwa perege, nimelala, nimerudi. Jibu ni maji ya bomba.

Sasa wewe unayefungua bomba asubuhi, umewahi kujiuliza ni nani aliyatia dawa maji hayo kabla hayajakufikia? Ngoja nikusimulie habari za mmoja wao. Jina lake Restuta.

Restuta aliishi Ifakara na mama mkwe wake, Katarina. Mume wake, Tadei, alikuwa shambani upande wa Mchombe. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na ndege wakiona mpunga hawana huruma. Tadei alilala huko huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akiwafukuza ndege tangu alfajiri. Nyumbani walibaki wanawake wawili na kuku wao.

Kila asubuhi Restuta alipanda baiskeli kwenda kituo cha maji, nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa kuchanganya unga wa klorini na maji ndani ya pipa. Mchanganyiko ule ulishuka kwenye tangi kubwa na kuua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Ni kazi ndogo kuitazama, lakini mji mzima unainywa.

Jioni moja Restuta alirudi macho mekundu. Alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena.

"Umelia?" Katarina aliuliza.

"Sijalia, mama. Ni dawa tu."

"Dawa inayoumiza? Hata khanga yako inanuka kama wodi."

Restuta alicheka kidogo. Simu yake ilitetemeka mezani. Hakuitazama. Aliigeuza, kioo kikaangalia chini.

Katarina alikuwa mtu wa kuuliza. Kuku akitaga nje ya banda, atauliza sababu. Sasa alisogeza kigoda.

"Simu inakuita, nawe unaifunika uso. Ni nani?"

"Ni kundi la chama cha wafanyakazi. Sitaki kulisoma."

"Kwa nini?"

"Ni misiba tu, mama. Likileta ujumbe, ujue kuna mtu kafa. Leo mjomba wa fulani, kesho bibi wa fulani. Tunachangia sanda, tunaandika pole, basi. Nimelizima sauti lakini bado linatetemeka."

"Hebu nione amekufa nani leo. Huenda ninamjua."

Restuta alimpa simu. Katarina alisoma kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa zamani.

"Ndu-gu wa-na-cha-ma. Ma-ja-di-li-a-no ya mka-ta-ba wa ha-li bo-ra ya-ta-a-nza mwe-zi u-ja-o. Kila kituo kitaje hatari za kazi." Aliinua uso. "Huyu hajafa."

"Nani?"

"Hajafa yeyote. Hapa hakuna maiti. Hapa mnaulizwa hatari za kazi. Hali bora ndiyo nini? Bora ya nani?"

Restuta hakujua. Alikuwa mwanachama tangu alipoajiriwa, na mchango wake ulikatwa kila mwezi. Lakini hakuwahi kuuliza. Katarina alijifunga khanga yake vizuri kiunoni.

"Mabula yupo kwake?" aliuliza.

"Yupo, lakini mama, usiende."

Katarina alikuwa ameshafika kwenye ua wa jirani.

Mabula alikuwa fundi wa pampu kwenye kituo kile kile. Pia alikuwa katibu wa tawi la chama. Alikuwa akiosha pikipiki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Msukuma, ng'ombe zako wamekula mpunga wa nani leo?" Katarina alimtania.

"Mama, mimi sina ng'ombe hata mmoja. Nina pampu, na pampu hazili mpunga."

"Haya. Nimekuja na swali. Hicho chama chenu ni cha kuzikana?"

Mabula alicheka. Kisha aliona Katarina hacheki, naye akaacha.

"Nani kasema hivyo?"

"Mkwe wangu. Kila taarifa yenu ni msiba. Kwa hiyo ninyi mnajuana mkishakufa?"

Mabula aliweka tambara chini.

"Mama, hapo umenipata," alisema. "Kuzikana ni jambo jema, hatuwezi kuliacha. Lakini kosa ni letu viongozi. Tumechanganya misiba na taarifa za kazi kwenye kundi moja. Watu wamechoka, hawasomi tena. Nimeuliza hatari za kazi tangu juzi. Nimejibiwa 'Pole sana' na 'Mungu amlaze pema'."

Hata Katarina alicheka hapo. Restuta naye alikuwa amefika, amesimama mlangoni mwa ua.

"Njoo, dada Restuta," Mabula alisema. "Uliza chochote."

Lakini aliyeuliza alikuwa Katarina. "Mkataba wa hali bora ni nini?"

"Ni makubaliano kati ya chama na mwajiri. Yanaandikwa na kusainiwa. Humo kunakuwa na saa za kazi, likizo, vifaa, usalama wa mfanyakazi. Kabla ya kukaa na uongozi, ni lazima tujue kila mmoja ana shida gani. Ndiyo maana tunatuma taarifa, na ndiyo maana tunasubiri majibu."

"Na wakikataa kukubaliana nanyi?"

"Tunaendelea kujadiliana. Tukishindwa kabisa, kuna tume ya serikali ya kusuluhisha."

"Na mtu akisema shida yake, atafukuzwa?"

Restuta aliinama. Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na mama mkwe alilichukua mdomoni mwake.

"Kujiunga na chama ni hiari ya mtu," Mabula alijibu, "na sheria haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ni mwanachama. Tena shida ya kituo hatuitaji kama ya mtu mmoja. Tunasema: sisi wa kituo hiki. Dada, pale chumba cha dawa kuna nini?"

Restuta alivuta pumzi.

"Wiki iliyopita niliweka unga kwenye pipa kwanza," alisema. "Kisha nikamwaga maji juu yake. Kulitoka hewa kali, ikanishika koo. Mlango ulikuwa umefungwa ili upepo usipeperushe unga. Sikuona vizuri. Nilipiga magoti, nikatambaa hadi mlangoni."

Katarina alimtazama kana kwamba hakuwahi kumwona.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, mama, usingelala."

"Ulikuwa umevaa nini usoni?" Mabula aliuliza.

"Kipande cha khanga."

Mabula alitikisa kichwa. "Khanga inazuia vumbi. Haizuii hewa ya dawa. Sikiliza, hili halisubiri mkataba, lianze kesho. Maji kwanza, unga baadaye, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya unga. Mlango na dirisha viwe wazi. Usichanganye klorini na sabuni wala dawa nyingine yoyote. Ukisikia koo linawaka, toka nje, acha pipa hapo hapo. Kesho napeleka jambo hili kwa meneja, na Jumatatu tunaongea wote."

Jumatatu asubuhi wafanyakazi walikusanyika getini kabla ya kazi. Mabula alisimama juu ya kipande cha bomba la zege.

"Kuanzia leo," alisema, "misiba itakuwa na kundi lake, na taarifa za kazi zitakuwa na kundi lake. Tena kila Jumatatu nitazisoma hapa kwa sauti, kwa asiye na simu na kwa asiyependa kusoma."

"Mimi nasubiri sanduku langu tu," alisema Barnaba, mhudumu wa pampu. Barnaba alikuwa akitoka zamu ya usiku, na mtu akitoka usiku huwa na ulimi mkali. "Chama kitanikumbuka siku hiyo. Na wali utakuwepo."

Watu walicheka.

"Wali utakula wewe ukiwa ndani ya sanduku?" mtu mmoja aliuliza.

"Nitaonja kwa harufu."

Walianza kutaja hatari. Wachimbaji wa mitaro walitaja kingo zinazobomoka wakati wa mvua. Wasoma mita walitaja mbwa. Restuta alikaa nyuma. Mabula alitaja chumba cha dawa kwa niaba ya kituo.

Siku ya kikao cha chama na uongozi, meneja, Bwana Seifu, alikuja kituoni mwenyewe. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliingia chumba cha dawa, akatoka upesi akifuta macho.

"Hapa kuna makosa, na ni yetu," alisema. "Nitaagiza barakoa za kuzuia gesi, miwani na glavu za mpira. Dirisha jingine litatobolewa kwenye ukuta wa pili ili hewa ipite. Kuna lingine?"

Mabula alimtazama Restuta. Wote walimtazama. Alisimama huku ameshika pindo la khanga yake.

"Lipo, mheshimiwa," alisema. "Nikiwa mle ndani niko peke yangu. Mlinzi yuko getini. Mhudumu wa pampu yuko kwenye pampu, na pampu zina kelele. Barakoa ni nzuri, nashukuru. Lakini nikianguka mle ndani, nani atajua?"

Hata Barnaba hakuwa na mzaha.

"Kwa sasa sina mtu wa kuongeza," Bwana Seifu alisema polepole. "Sitaki kukudanganya. Liandikeni. Tutalirudia."

Jumatatu iliyofuata Mabula alisoma taarifa getini. "Barakoa zimeagizwa. Fundi wa dirisha amepatikana. Swali la dada Restuta, bado."

Jumatatu nyingine: "Barakoa na miwani zimefika. Glavu ni kubwa mno, zimerudishwa. Swali la dada Restuta, bado."

Watu walianza kuulizana njiani. Fundi wa bomba akikutana na msoma mita sokoni, alisema, "Na lile swali?" Nyumbani, Katarina alisoma taarifa mwenyewe kwenye simu kabla hata ya mkwe wake. Alishajua kundi lipi ni lipi. Siku moja alikuta neno "likizo ya uzazi", akauliza maswali matano juu yake kabla ya chai.

Dirisha lilitobolewa. Upepo wa milimani ukaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Restuta alivaa barakoa, akatia maji kwanza na unga baadaye. Macho yake yakarudi meupe. Kikohozi kikaisha. Tadei alikuja siku moja kuchukua chumvi na betri za tochi. Alimtazama mke wake, akauliza kama amebadilisha mafuta ya kupaka.

"Hajabadilisha mafuta," Katarina alisema. "Amebadilisha hewa."

Lakini kila Restuta alipofunika uso na kuingia chumbani, alikumbuka yale magoti yake sakafuni. Alitazama mlango. Hapakuwa na mtu.

Wanachama waliona kusubiri hakutoshi, wakaanza kutafuta jibu wao wenyewe. Katika mkutano wa tawi mmoja alisema aajiriwe mtu. Mwingine alisema ifungwe kengele. "Kengele itavutwa na nani, aliyezimia?" akaulizwa.

Ndipo Mabula aliuliza, "Dada, dawa unachanganya saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kwa nini saa nne?"

Restuta alifikiri. "Nilikuta mwenzangu aliyenitangulia akifanya saa nne."

"Saa moja wahudumu wa pampu wanapokezana zamu," Mabula alisema. "Wakati huo wapo wawili, anayetoka na anayeingia. Mmoja anatosha kwenye pampu. Dawa ikichanganywa saa hiyo, wa pili anaweza kusimama mlangoni."

"Anayetoka amekesha," Barnaba alisema. "Mnajua usingizi ule?"

Hakuna aliyembishia. Walijua. Walikubaliana waombe zamu ziingiliane kidogo asubuhi: anayekesha abaki hadi dawa ichanganywe, na jioni aanze kazi baadaye kidogo ili asiongezewe saa za kazi. Mabula alipeleka pendekezo kwa uongozi. Bwana Seifu alilisoma, akauliza maswali mawili matatu, akakubali. Likaingizwa kwenye mkataba wa hali bora pamoja na vifaa na dirisha: hakuna mtu kuchanganya dawa peke yake. Siku ya kusaini, Mabula aliusoma mkataba wote getini, ukurasa kwa ukurasa, na watu walisimama hadi mwisho ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Kesho yake Restuta alifika kituoni saa moja kamili. Alitia maji kwenye pipa. Alivaa glavu, miwani na barakoa. Alikuwa ameinama kufungua ndoo ya unga alipoona kivuli sakafuni.

Aligeuka. Barnaba alikuwa amesimama mlangoni, macho mazito kwa kukesha, barakoa ya pili imening'inia shingoni.

Restuta alisogeza barakoa yake. "Barnaba, hujaenda kulala?"

"Nitalala. Endelea na kazi yako."

"Unafanya nini hapo?"

Barnaba aliegemea fremu ya mlango, akapandisha barakoa usoni.

"Si uliuliza ukianguka humu nani atajua?" alisema. "Mimi."