Ngoma Iliyolazwa Kifudifudi

— Harusi hakuna.

Baba alisema hivyo bila kunitazama. Redio ilikuwa mapajani mwake, na mtangazaji alikuwa anarudia kwa mara ya tatu maneno ya Kocha: "Ngoma iliponyamaza, nilielewa kwamba muda wangu hapa umekwisha."

— Baba, kadi zimeshagawiwa.

— Zikusanywe. Simpi binti yangu mtu aliyelaza ngoma kifudifudi mpira ukiwa unachezwa.

Nieleze kidogo. Jukwaa letu la nyuma ya goli lina sheria yake. Ngoma kubwa ni moja, na ikilazwa kifudifudi katikati ya mechi, maana yake mashabiki wamemkataa kocha. Iliwahi kutokea mara moja tu, zamani, na kocha yule hakumaliza wiki. Jumamosi iliyopita, dakika ya hamsini na nane, tukiwa nyuma kwa bao moja, ngoma ikalazwa. Aliyeilaza ni mchumba wangu, fundi bomba, ambaye mtaa mzima unamwita Mdundo. Jukwaa likanyamaza, kisha likaanza kuzomea. Jumatatu Kocha akajiuzulu, yeye aliyetupa kombe baada ya miaka kumi na tisa ya kuchekwa.

Na Baba? Baba alichana tiketi kwenye lango la uwanja ule kwa miaka thelathini. Mechi hakuziona, alizisikia kwa ngoma. Sukari ilipomchukua mguu, Kocha mwenyewe ndiye aliyekuja na kiti cha magurudumu, akakisukuma kutoka barabarani mpaka sebuleni. Picha yao wawili iko ukutani, juu kuliko ya harusi ya wazazi wangu.

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikampigia Mdundo.

— Mzee amekataa.

— Nilitarajia. Hata leo asubuhi nimefukuzwa kwenye nyumba niliyoitwa kuziba bomba. Mama mwenye nyumba kasema bora maji yamwagike.

— Acha mzaha. Mimi nasema ukweli leo hii.

— Usithubutu! Watu wana hasira. Wakijua ni wewe, watakuja mpaka kazini kwako. Mimi nimezoea kutukanwa, niko jukwaani kila wiki.

— Lakini kosa ni langu!

— Ni letu. Ngoma niliilaza mimi.

Akakata simu. Nilikaa chini jikoni nikalia, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yangu nilikuwa nayajua vizuri sana.

Mimi nauza miwani. Jumamosi ile nilikuwa dukani, nimenuna. Wiki tatu kabla ya harusi, Mdundo alikuwa ameshakosa mara mbili kwenda kupimwa suti, mara zote kwa sababu ya ngoma. Shoga yangu wa kaunta akanitia maneno:

— Mwanaume hapimwi akiwa hana kazi, mwenzangu. Mpime akiwa kwenye kile anachokipenda.

Na mimi, mpima macho ya watu, nikawa kipofu. Nikamwandikia: "Nimeanguka ngazini dukani. Siwezi kuinuka. Njoo." Kisha nikakaa kwenye stuli, nikafungua karanga zangu, nikaitazama saa ya ukutani.

Dakika kumi na moja. Mlango ukagonga ukuta. Alikuwa amelowa jasho, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kimebaki wapi.

— Umeumia wapi? Mguu? Mgongo? Usisogee!

— Sijaumia. Nilitaka kuona kama utakuja.

Aliniangalia, akaangalia karanga, akakaa sakafuni. Nilisubiri matusi. Yangekuwa haki yangu.

— Haya, alisema. Nimekuja.

Ngoma aliilaza vile kwa sababu ndivyo anavyoilaza kila siku akifungasha, ngozi isichubuke. Kwa haraka hakukumbuka kama mechi inaendelea. Alikumbuka mimi nimeanguka.

Wiki ile dukani niliyaona ya dunia. Waliozomea Jumamosi ndio waliolia Jumanne. Mteja mmoja, mwalimu, alikuja na macho mekundu nikashindwa kumpima.

— Nilizomea mwenyewe, dada yangu. Nilitaka amtoe winga, sikutaka aondoke yeye!

Mwingine alifurahi kweli. Alisema jamaa alikuwa amechoka, na apishe wengine, akacheka sana, mpaka nilipomuuliza nani anakuja. Akavaa miwani yake mpya, akahesabu hela za kulipa. Na wote wakimaliza walimlaani Mdundo, mbele yangu, nami nikawafutia vioo.

Jumatano mchana Kocha akaja kumuaga Baba.

— Shikamoo, mzee wa lango.

— Marahaba, mwanangu. Wametukosea sana.

— Ndio mpira, mzee.

Baba alilia waziwazi, ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Kocha naye macho yakamlenga. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari, na pale nikashindwa kujizuia.

— Kocha, nisamehe. Ni mimi.

Nikamwambia yote, ngazi, karanga na saa. Alinisikiliza ameegemea mlango wa gari. Nilidhani atanifokea. Badala yake alitazama chini.

— Binti, usilie. Nilikuwa nimeshasaini kwingine.

— Lini?

— Siku kumi na moja kabla ya mechi ile. Sikujua nitawaambiaje watu. Ngoma iliponyamaza... nikaona mlango umefunguka.

Kumbe siku zote hizi mchumba wangu anatukanwa, harusi yangu imevunjwa, na mwenye safari yake alikuwa na mkataba mfukoni!

— Basi rudi ndani ukamwambie Baba.

— Siwezi.

— Kocha!

— Mzee yule ananiheshimu kuliko wanangu wanavyoniheshimu. Siwezi, binti. Nisamehe na wewe.

Akaingia garini. Nilibaki pale barabarani na ukweli mzima mkononi. Ningeutoa, Mdundo angesafishika jioni ileile. Lakini kupitia dirishani nilimwona Baba amejisogeza na kiti chake mpaka ukutani, amejinyoosha, anaipangusa ile picha kwa mkono wa shati.

Nikampigia Mdundo, nikamweleza.

— Sasa unataka kufanya nini?

— Nimwambie Baba. Mtu huyu katutumia.

— Mzee ana kocha mmoja tu, alisema. Mimi atanizoea pole pole.

Hapo ndipo nilipojua nimepewa mume. Na hapo ndipo aibu iliponikaba kabisa, kwa sababu yeye alikuwa tayari kubeba uongo wa watu wawili, na mmoja wao alikuwa mimi. Wa Kocha haukuwa wangu wa kuutoa. Wangu ulikuwa wangu.

Niliingia sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti.

— Baba, Mdundo hakumkataa Kocha. Nilimdanganya kwamba nimeanguka. Alitupa ngoma akaja kuniokoa, akanikuta nakula karanga.

Baba alizima redio. Sikumbuki mara ya mwisho redio ile kuzimwa mchana.

— Ngoma ilinyamaza dakika ya hamsini na nane, alisema taratibu. Nilikuwa hapa dirishani. Alifika kwako baada ya muda gani?

— Dakika kumi na moja.

— Una hakika?

— Nilikuwa naitazama saa, Baba. Ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Akafumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu mitaa.

— Kutoka langoni mpaka dukani kwako ni dakika ishirini na tano kwa miguu. Kupita sokoni, siku ya mechi, ni thelathini.

Akafumbua macho, akanitazama.

— Mama yako alipopata uchungu wa kukuzaa, waliniita langoni. Nilisubiri filimbi ya mwisho. Nilifika umeshaoga, umeshavishwa. Hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamshika goti. Akauondoa mkono wangu, akachukua simu.

— Lakini umedanganya. Utamwomba Kocha msamaha, sasa hivi, nikisikia.

— Baba, nimeshamwomba kwenye gari...

— Sikusikia mimi.

Akaiweka kwenye spika. Simu ikaita, moyo wangu ukaita nayo.

— Mzee wangu?

— Mwanangu, binti yangu ana neno. Sema.

Nilisema. Nilimwomba radhi kwa uongo wangu, kwa ngoma, kwa yote, mtu ambaye mimi na yeye tulijua kilichokuwa mfukoni mwake. Upande wa pili kukawa kimya, nikaomba Mungu aseme, na nikaomba Mungu asiseme.

— Nimekusamehe, binti, alijibu. Mzee, binti yako ana roho kubwa. Huyo kijana mpe.

— Ahsante, Kocha, alisema Baba. Safari njema.

Baada ya muda mfupi ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Mimi ndiye wa kuomba radhi. Sikuweza." Nikaufuta, Baba asije akaomba simu kuangalia picha.

Mtaani Baba mwenyewe ndiye aliyesambaza habari, kutokea kwenye kiti chake, kila apitaye anasimamishwa. Kweli nilitukanwa. Mwalimu yule alikuja dukani makusudi kuniambia nimemharibia msimu. Lakini wanawake wa jukwaani walimsimamisha Mdundo njiani kumuuliza kama ana kaka.

Tulioana siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Ngoma kubwa ililetwa, na Baba akaomba nimsukume mpaka karibu yake, aisikie kwa kifua. Mdundo alipopumzika kunywa maji, Baba akanivuta sikio nishuke karibu na mdomo wake.

— Mama, nikwambie kitu. Nimekaa langoni miaka thelathini. Anayetoka kabla ya mechi kuisha namjua kwa mwendo. Mwenye mgonjwa nyumbani hukimbia, hata kwa kiatu kimoja. Mwenye gari linalomsubiri hutoka polepole, akiaga mmoja mmoja.

Nikamgeukia.

— Baba... ulijua?

— Alipokuja kuniaga siku ile, alitazama saa mara nne.

— Sasa kwa nini ulinilazimisha nimwombe msamaha?

— Wewe ulikuwa umedanganya, ulipaswa kuomba. Na yeye nilitaka asikie mtu akikiri kosa lake mwenyewe, ili naye akiri la kwake. Nikampa nafasi.

Alimtazama Mdundo akirudi kwenye ngoma.

— Hakuitumia. Lakini kiti hiki alikileta kweli, na kombe alitupa kweli. Usiitoe picha yake ukutani nikifa.

Ngoma ikaanza. Baba akaweka kiganja kifuani, akafumba macho, akasikiliza.