Mzimu wa Mikono Mitatu

— Siingii! Nilichekwa mara moja, inatosha!

Fundi cherehani alikuwa ameng'ang'ania mlango wa ukumbi wa sinema. Mdogo wake akamvuta.

— Dada, watu wamejaa kwa ajili yako!

Miaka saba nyuma, Fundi alicheza mzimu kwenye filamu ya kutisha ya mchumba wake, Mpiga Picha. Waliipiga sebuleni kwa shangazi yake Fundi, Jumapili baada ya Jumapili. Mkono wa tatu wa mzimu aliushona mwenyewe kwa soksi na pamba, akasahau sindano ndani. Katikati ya kutisha, mzimu ukaruka: "Ngoja, sindano imenichoma!"

Mpiga Picha hakukikata kipande hicho. Siku ya uzinduzi ukumbi ulicheka, Fundi akatoka mbio analia, uchumba ukafia hapo. Hasira hasara.

Sasa vijana wameifufua filamu ile, hawaambiwi kitu! Ndani, mchana kweupe, kila mtu alikuwa amevaa mkono wa tatu wa soksi. Mdogo wake akamsukuma hadi kitini. Simu ya Fundi ikalia: ujumbe wa Mpiga Picha, kwa namba ngeni.

"Najua umekuja. Usitoke kabla haijaisha."

— Nani kamwambia?

Mdogo wake akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Ulinigeuza kichekesho," Fundi akajibu. "Sina la kusubiri."

Kipande kikafika. Ukumbi mzima ukasimama:

— NGOJA, SINDANO IMENICHOMA!

Fundi akainuka atoke, mdogo wake akamkalisha kwa nguvu.

— Tazama!

Kwenye skrini, picha ikalala upande. Kamera ilikuwa imetupwa chini. Miguu peku ikakimbilia kwa mzimu, na watu wote wakaitikia pamoja na sauti ya Mpiga Picha ndani ya filamu, taratibu:

— Umeumia, mpenzi?

Fundi akashika mdomo.

— Hii ilikuwemo siku ile?

— Ilikuwemo, — sauti ikajibu nyuma yake. Alikuwa Mpiga Picha. — Ulitoka sekunde tatu mapema.

— Kwa nini hukuniambia?

— Simu ulinifungia. Nyumbani shangazi alinifukuza kwa mwiko!

— Si ungekikata tu?

— Filamu nzima ni uongo, isipokuwa hapo. Ningekata vipi?

— Jamani, mzimu mwenyewe huyu hapa! — mtu akapiga kelele.

Ukumbi ukalipuka. Mpiga Picha akakishika kidole cha Fundi, kilekile kilichochomwa na sindano.

— Umeumia, mpenzi?

Machozi yakamtoka Fundi, safari hii ya furaha.

— Kidole kilipona siku ileile. Moyo ndio umepona leo. Kivishe pete, na ole wako ukikata kipande hiki, nitakuchoma sindano mwenyewe!