Mikono Nyuma, Mwalimu

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia ya kugoma asubuhi, watu wakajazana mlangoni kila mmoja na haraka zake. Hapo ndipo dada mmoja wa gauni la kijani alipoona kola ya shati la kaka aliyesimama mbele yake imepinda. Mikono yake haikujua kuomba ruhusa. Akainyoosha.

Kaka akageuka. "Samahani dada, tunajuana?"

"Hatujuani. Ila hiyo kola ilikuwa inaniudhi."

"Basi viatu vyangu usiviangalie, utachelewa kazini."

Wakacheka, na lifti ilipokuja wote wakashukia ghorofa ileile. Kumbe dada ndiye mwalimu aliyeletwa kuwafundisha watengeneza programu zana mpya ya kuhifadhi kazi zao, na kaka ndiye yule mbishi ambaye meneja alikwisha kumwonya dada juu yake. Ofisi nzima ilimwita Babu, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Alifanyia kazi kwenye skrini nyeusi ya kizamani, na mafaili yake aliyaita mpya, mpya kabisa, na mpya kabisa ya mwisho.

"Babu, ya mwisho hasa ni ipi?" Mwalimu alimuuliza.

"Ya mwisho ni ile kabla ya jana."

Mwalimu alikuwa na sharti moja: hagusi kibodi ya mwanafunzi. Mtu akikwama, anaulizwa maswali mpaka aone njia mwenyewe. Kwa mwanamke mwenye mikono kama yake hiyo ilikuwa adhabu, kwa hiyo alisimama nyuma ya kiti cha Babu mikono ameifunga mgongoni. Babu akisikia pumzi zimebadilika, alisema bila kugeuka, "Mikono nyuma, Mwalimu."

Mapenzi yakaingilia hapo hapo. Simu za jioni zilianza kwa kisingizio cha kazi, kisha kisingizio chenyewe kikasahaulika.

"Mama anauliza kama Jumapili utakuja."

"Umemwambia mimi ni nani?"

"Nimemwambia nimepata mtu asiye na haraka na mimi."

Ijumaa ya wiki hiyo Babu ndiye aliyepangwa kuwaonyesha wakubwa jinsi zana mpya inavyorudisha kazi iliyofutwa. Alivaa shati jeupe, pasi imenyooka. Akafuta faili mbele yao makusudi, kisha vidole vikasimama. Amri ya kuirudisha aliijua, ilikuwa inakuja. Mkurugenzi akatazama saa. Mwalimu akapitisha mkono juu ya bega la mpenzi wake, akaandika amri mwenyewe, na kazi ikarudi.

"Kumbe Babu bado anashikwa mkono!" alisema mkurugenzi. Ukumbi ukaangua kicheko, na Mwalimu naye akacheka.

Jioni akampigia. "Hongera mpenzi! Tumefaulu!"

"Jumapili usije."

"Heh! Nimekosa nini?"

"Kama hujui, basi."

Akakata. Mwalimu akajiambia huyo ana mwingine, na kiburi kikamzuia kupiga tena. Kazi yake pale ikaisha. Alikuja kuelewa baadaye sana, siku mkufunzi mmoja alipompokonya yeye kibodi mbele ya watu. Alijifungia chooni akalia, na hakumlilia mkufunzi.

Mwaka ukapita. Akaalikwa ofisi nyingine kutazama mafunzo, na kupitia mlango wa kioo akamwona Babu amesimama nyuma ya kiti cha binti mmoja aliyekwama. Mikono ilikuwa mgongoni.

"Usiogope," alikuwa akisema. "Mimi nipo, tafuta."

Darasa lilipopumzika, wakakutana kwenye korido.

"Babu."

"Mwalimu."

"Siku ile amri ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

"Nisamehe. Nilikuaibisha, halafu nikacheka."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nasubiri upige simu. Mama naye kila Jumapili aliuliza."

"Na sasa?"

Babu akatazama chini. "Ameacha kuuliza. Nina mchumba. Harusi ni mwezi ujao."

Mwalimu akauliza, "Ana haraka na wewe?"

"Hana."

"Basi hongera," alisema, na aliisema kwa moyo wake wote uliokuwa unamuuma.

Kola ya Babu ilikuwa imepinda, upande uleule. Mwalimu aliiona. Babu alijua kwamba ameiona, lakini hakuinyoosha, wala hakuondoka. Mwalimu akapeleka mikono nyuma, akaishikanisha kwa nguvu, akaaga.