Sahani Iliyolamba Grisi

Ilikuwa siku ya Jumanne, ya pili katika mwezi wa Machi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Saa hiyo sikuiokota hewani. Taa ya mlingoti ulioko nje ya lango la gereji huwaka yenyewe saa kumi na mbili na nusu, nayo ilikuwa haijawaka nilipoinama chini ya tela. Iliwaka nikiwa nimekwisha kutolewa, nimelala chali juu ya changarawe, namsikiliza mtu mzima akilia kama mtoto. Basi anayesimulia kwamba mambo haya yalitokea usiku wa manane, na kwamba tulikuwa tumelewa, huyo anasimulia yake.

Naandika kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Gereji ile ni ya mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Malori yalikuwa yake; spana zilikuwa zangu. Lori moja liliendeshwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kumkuta amenyamaza. Alikuwa akiongea na abiria, akikosa abiria akiongea na usukani. Binti yangu alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha kumkataza kuinama, na Kimya alikuwa ameanza kugombana na kila mtu kuhusu jina la mtoto ambaye hata jinsia yake haikujulikana.

Mdogo wangu alipata kazi ya kubeba mitambo mizito, akaleta tela refu ambalo lori la Kimya halikuweza kulivuta lilivyokuwa. Ikatubidi kurefusha chesisi, kuongeza majani ya springi, kubadilisha mipira ya upepo wa breki, na juu ya yote kuweka sahani nyingine. Kwa asiyejua, sahani ni lile duara la chuma lililo mgongoni mwa kichwa cha lori, lenye mwanya upande wa nyuma kama kinywa kilichoachama. Chini ya tela huning'inia pini nene. Lori likirudi nyuma, pini huingia katika mwanya, taya za chuma zikaibana, na tangu hapo kichwa na tela huwa kiumbe kimoja. Sahani hupakwa grisi nyingi, maana tela zima hugeukia juu yake. Sahani kavu hulia. Ikilia sana huua.

Nilisema tununue mpya. Siku ya pili mdogo wangu akaja na sahani kuukuu, imeviringishwa katika gunia.

"Umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Kaka, kazi yako ni kufunga. Maswali niachie mimi."

Fundi wetu wa kuchomelea, tuliyemwita Cheche, aliigonga kwa nyundo, akatega sikio, akaigonga tena.

"Mzee, hebu sikiliza. Hii hailii kama chuma. Inalia kama kifua cha mtu."

"Na wewe kichwa chako kikigongwa kitalia kama debe tupu," mdogo wangu akamjibu. "Choma!"

Tukacheka. Cheche peke yake hakucheka.

Tulipoishusha juu ya chesisi, matundu yake ya bolti yalikaa sawasawa na matundu yetu, hatukutoboa hata moja. Chesisi ile tulikuwa tumeirefusha kwa mikono yetu juma lile lile. Fundi yeyote atakuambia kwamba jambo hilo halitokei.

Jioni niliipaka grisi, nene kama unene wa kidole. Asubuhi nikaikuta kavu. Haikuwa imepanguswa kwa kitambaa, maana kitambaa huacha utando. Ilikuwa safi, inang'aa, kama bakuli lililoachiwa paka. Nikamfokea mlinzi.

"Niibe grisi iliyokwisha kupakwa, mzee?" akasema. "Nikajipake wapi, magotini? Mbona hata mafuta ya taa yako hapo siyaibi?"

Nikapaka tena. Asubuhi yake nikaikuta kavu vilevile, na safari hii nikainama karibu. Juu ya chuma palikuwa na michirizi ya unyevu, mipana, yote ikielekea kwenye ule mwanya.

Nilimweleza mdogo wangu. Nilitarajia acheke, au anitukane. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza polepole, kama aulizaye habari za mtoto na uji wake:

"Imemaliza yote?"

Hapo ndipo nilipopaswa kushika nyundo. Lakini damu ni nzito. Mtu huwa hamdhanii ndugu yake kabla ya kuwadhania walimwengu wote kwanza.

Sisi watu wa matela tuna desturi moja isiyo na mzaha. Wakati wa kuunganisha, dereva haoni kitu. Kichwa chake kiko mbele, pini iko nyuma. Kwa hiyo mtu mmoja huinama kuangalia, na sauti yake peke yake ndiyo hufuatwa. Akisema "rudi", dereva hurudi. Akisema "imeshika", dereva huvuta mbele kidogo ili kuhakikisha. Wengine wote hufunga vinywa, hata tajiri mwenyewe.

Siku zote aliyeangalia ni mimi na aliyerudisha ni Kimya; Jumanne hiyo mdogo wangu aligeuza mambo.

"Leo narudisha mimi," akatangaza. "Kimya ataangalia. Lori ni lake, alijue sahani yake."

Mdogo wangu hakuwa ameshika lori tangu kitambi chake kilipoanza kuugusa usukani kabla ya mikono yake. Alilirudisha hadi ukingo wa sahani ukawa chini ya pua ya tela, akasimamisha. Mara simu yake ikalia, akateremka, akaenda kuisikilizia langoni, akiacha injini inanguruma.

Nilikuwa nimekwenda stoo kuchukua kopo la grisi. Niliporudi, Kimya alikuwa amekwisha piga goti karibu na tairi, tochi mkononi, anataka kuingia.

"Mwanangu, toka hapo," nikamwambia. "Panda kwenye usukani wako. Yule na kitambi chake atatubomolea tela."

"Na goti lako, baba?"

"Goti langu limekuomba msaada?"

Akacheka, akanipa tochi. "Basi ukikwama humo nitamwambia mama mtoto kwamba baba yake amegeuka springi." Akapanda, akafunga mlango.

Nikaingia.

Kopo lilikuwa mkono wa kushoto, kijiti cha kupakia mkono wa kulia. Tochi niliibana kwa meno. Nataka msomaji alitazame jambo hilo vizuri. Nilikuwa nimeibana kwa meno, kiasi kwamba udenda ulikuwa ukinitiririka kidevuni.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ya dizeli, wala ya breki zilizoungua. Ilikuwa harufu ya kinywa… kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu bila kuamshwa.

Kisha sauti.

Nyap… nyap… nyap…

Niligeuza kichwa, na mwanga ukageuka nami.

Palikuwa na mtu juu ya sahani.

Alikuwa amelala kifudifudi chini ya tumbo la tela, mahali ambapo kiganja cha mkono kisingepita. Alikuwa ameenea. Kifua chake kilikuwa bapa kama kipande cha boksi kilichokanyagwa na magurudumu, na mabega yake yalifuata umbo la chuma. Alikuwa akilamba, bila haraka, kama mwenye nyumba. Mwanga ulipomfikia usoni aliacha. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa grisi.

Akaninong'oneza:

"Imeshika?"

Aliuliza kwa unyonge, kama mtu ambaye ameuliza hivyo mara nyingi bila kujibiwa. Meno yangu yalikuwa yameng'ang'ania tochi.

Ndipo mtu aliposema kwa sauti, kutoka ndani ya ule mwanya wa chuma:

"Rudi, mwanangu!"

Sauti ilikuwa yangu.

Ilikuwa na mkwaruzo wangu, na kile kikohozi kidogo kinachofuata ninapopaza sauti. Yule aliyelala hakufumbua midomo. Wala mimi sikufumbua.

Injini ikanguruma zaidi. Chuma kikaanza kunijia.

Kutoka langoni nilisikia mbio. Mdogo wangu, ambaye siku nyingi sikumwona akitembea haraka, alikuja akikimbia na kupiga kelele, akaivunja desturi ya miaka yetu yote.

"Kaka, toka! Toka! Si wewe! Si wewe!"

Alinishika ukosi wa ovaroli, akanivuta kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Nikaangukia nje. Katika kunivuta, yeye aliinamia ndani, na mkono wake wa kushoto ukatafuta mahali pa kujishikia.

Ukashika ule mwanya.

Pini ikaingia. Nikasikia taya zikifunga.

Na ile sauti, yangu tena, tulivu kabisa, ikatamka:

"Imeshika."

Kimya alikuwa dereva mzuri. Alifanya kila dereva mzuri anachofanya akilisikia neno hilo.

Akavuta mbele.

Sitaeleza yaliyofuata. Taa ya mlingoti iliwaka, na aliyetaka kuona aliona.

Hospitalini nilikaa kando ya kitanda cha mdogo wangu siku kadhaa. Mkono ulikuwa umeishia kiwikoni. Alipoanza kupata nafuu nilimwuliza swali moja.

"Ulisema si mimi. Nani, basi?"

Akaelekeza uso ukutani.

"Nilipewa bure," akasema mwishowe. "Kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Aliniambia lori litakalobeba sahani ile halitaanguka kamwe, halitakosa kazi kamwe. Wa kwanza kuinama kuiangalia ikiunganishwa, huyo ni wake. Basi."

"Nani alikuambia?"

"Mtu tu. Alisimama pembeni, katikati ya mabodi mawili ya malori yaliyobanana. Nilishangaa aliingiaje pale." Akameza mate. "Alikuwa mwembamba, kaka. Mwembamba mno."

"Ukamchagua mume wa mwanangu."

Akavuta shuka kwa mkono uliobaki.

"Lile tumbo hukuliona? Ulikula kwao Jumapili. Binti alikupakulia kwa mkono wake, akakuita baba mdogo."

Hapo alinitazama, na Mungu ni shahidi, alinitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa maisha.

"Madereva ni wengi, kaka," akasema.

Nilisimama, nikatoka. Watu husema kwamba aliyekuokoa huwezi kumchukia. Wanadanganya. Alinivuta kutoka katika shimo alilomchimbia mwanangu, na ningali hai kwa mkono wake huo huo. Namchukia kwa yote mawili.

Tangu hapo yamezuka maneno mengi, na mengi kayazusha mdogo wangu mwenyewe, maana alipopona alipata nguvu ya kusema. Wanasema niliita "rudi" kwa makusudi kwa sababu ya wivu. Kinywa changu kilikuwa na tochi, nayo ninayo hadi leo. Plastiki yake imeingia alama za meno yangu kila upande. Wanasema ni Kimya aliyekosea. Kimya hakukosea, alitii sauti aliyofundishwa kuitii, na anayemlaumu kwa hilo aje anilaumu mimi niliyemfundisha. Wanasema sahani ilikatwa vipande na kutupwa. Cheche ndiye aliyepewa kazi hiyo. Aliwasha moto, akauelekeza, na chuma hakikupata hata wekundu. Akazima, akaweka vifaa vyake chini, hajarudi kazini tena. Kesho yake sahani haikuwepo. Bolti zote zilikuwa mahali pake, zimekazwa, zimeshikilia hewa. Sijui iko mgongoni mwa lori gani. Nikiwa barabarani nikiona tela linapita siwezi kujizuia kutazama pale katikati.

Na wanasema Kimya amesahau, kwa kuwa ameacha malori, amepata kazi ya kuuza vipuri, na mtoto wake ametambaa. Wanamwona akiongea, wanadhani ni yule yule.

Hajasahau. Binti yangu alinieleza mwenyewe, amefunga mlango wa jikoni, ananong'ona. Magharibi inapoingia mumewe hukatiza maneno katikati. Hugeuza uso kuelekea barabarani, mguu wake wa kushoto ukibonyea sakafu taratibu kama anayekanyaga klachi. Kisha hujibu, kwa adabu, kama anavyonijibu mimi siku zote:

"Nimekusikia, baba. Narudi."

Binti yangu aliniomba niache kumwita.

Mimi sijamwita.