Barua Moja kwa Mwaka

Siku Kimeli alipoondoka Kitale, jua lilikuwa la kukausha mahindi. Nanyama alikuwa katika wodi ya wanaume akifunga kidonda, gauni lake la manjano likichungulia chini ya koti jeupe, muuguzi Agneta alipoingia akipiga makofi.

"Hongera, mwanangu! Baba mkwe wangu amekuandikia barua ya Nairobi. Ameimaliza jana."

Kimeli alikuwa upande wa pili wa kitanda hichohicho, ameshika mkasi.

"Barua gani?"

"Ya mapendekezo, ya kwenda kusomea upasuaji! Mzee Wabwile huandika moja tu kwa mwaka, na mwaka huu imekwenda kwa msichana wa kwetu."

Kimeli aliweka mkasi kwenye trei polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Uliniambia unakwenda Kimilili kumjulia hali," alisema.

"Nilikwenda kumjulia hali," Nanyama akajibu.

"Sawa, daktari."

Hakuwa amewahi kumwita daktari. Alimwita Nana, hata mbele ya wagonjwa. Jioni hiyo alipanga nguo zake na kwenda Myanga, upande wa Bungoma, ambako kliniki ilikuwa ikililia daktari tangu mwaka uliotangulia. Hakuaga.

Walikuwa wamekutana sokoni Kitale, wote wageni mjini, mikono yao ikigongana juu ya fungu la mwisho la mboga ya saga. Kimeli alikuwa mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi likasimama. Nanyama alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na viatu vya kisigino visivyojua matope.

"Dada, mimi ndiye nimeshika kwanza."

"Umeshika majani. Mimi nimeshika kamba."

"Kwani utaipika na nini?"

"Na maziwa, halafu inalala usiku mmoja. Wewe?"

"Hivyohivyo. Kumbe Mbukusu anaweza kupika!"

"Na Msabaoti anaweza kuwa na adabu, ila si leo."

Mama mboga alicheka mpaka akashika mbavu, akawagawia nusu kwa nusu. Asubuhi yake walikutana tena, kwenye lango la hospitali, kila mmoja na koti jeupe begani.

Mwaka wao wa tatu kazini, mwishoni mwa 1988, wote wawili walitaka kwenda Nairobi kusomea upasuaji. Jumamosi moja walikaa hotelini, chai na mandazi mezani, wakichagua watu wa kuwaandikia barua za mapendekezo.

"Kila mmoja anahitaji watatu," Kimeli alisema. "Watatu waliotuona tukifanya kazi."

"Mkuu wa hospitali?"

"Yule? Ataandika ati ninafika mapema. Barua kama hiyo hata askari wa getini anaweza kupewa."

"Basi daktari wa wodi ya akina mama."

"Huyo anakusifu mpaka tunachoka. Chukua wewe. Mimi nitamwomba yule wa misheni."

"Na Wabwile?"

Mzee Wabwile ndiye aliyewafundisha kushika kisu, kabla hajastaafu na kurudi kwake Kimilili. Nusu ya wapasuaji wa Nairobi walipitia mikononi mwake, na neno lake kule lilikuwa kama ufunguo. Lakini aliandikia mtu mmoja tu kila mwaka. "Nikisifu wawili," alizoea kusema, "wataanza kuuliza kama nimezeeka."

"Tusimwombe," Kimeli alisema. "Si wewe, si mimi. Hiyo barua haigawanyiki kama saga."

"Haya, mpenzi. Tusimwombe."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Mwezi uliofuata Nanyama alisikia mzee anaumwa kifua. Alikwenda Kimilili na mkate na sukari, na moyoni hakuwa na jambo lingine, au ndivyo alivyojiambia njiani. Mlangoni angeweza kusema "Habari, daktari," kama alivyosema miaka yote kazini. Lakini mama yake alikuwa wa ukoo wa Wabwile, na mdomo ukasema:

"Mulembe, khocha."

Khocha ni mjomba, ndugu ya mama. Kwa Wabukusu, mpwa akibisha kwa neno hilo hatoki mikono mitupu, na mjomba anayemnyima huogopa laana kuliko njaa.

"Wewe ni wa mama gani?"

Nanyama akamwambia. Mzee akashusha pumzi.

"Umekuja kuchukua nini, mpwa wangu?"

"Nimekuja kukusalimu tu, khocha."

"Mpwa haji kusalimu tu. Zile barua za Nairobi, umepata watu wote watatu?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo. Aliukumbuka mkono wa Kimeli juu ya meza, hata joto lake. Akasema, "Bado mmoja."

Jioni alirudi Kitale, akampikia Kimeli ugali, akamsimulia jinsi mvua ilivyonyesha Kimilili. Habari za barua hakugusia.

Sasa Kimeli alikuwa hayupo, na kila mgonjwa aliyeshonwa vizuri alimkumbusha Nanyama vidole vya Kimeli. Alipiga simu Myanga.

"Daktari Kimeli yupo?"

"Yupo, madam," karani alijibu. "Lakini amesema nikwambie hayupo."

Kesho yake alipiga tena. "Leo amesema hayupo kabisa," karani akasema kwa huruma.

Akarudi Kimilili. Mzee alikuwa amejifunga blanketi juani.

"Khocha, ichane ile barua."

"Imeshakwenda, mtoto. Na niliandika kweli tupu, kazi unaijua. Mbona unalia?"

"Ungeandikia nani, kama nisingekuja?"

Mzee alikohoa. "Yule kijana wa mlimani, Kimeli. Mikono yake haina haraka. Nilingoja aje aniombe. Hakuja, nikadhani ana kiburi."

"Hakuja kwa sababu tuliahidiana tusije."

Mzee akafumba macho. "Nawe ukaniita khocha," alisema. "Ningefanyaje? Mwambie mwaka ujao ni wake."

Nanyama angeweza kumpelekea Kimeli hilo la mwisho peke yake, lile zuri. Hakuna ambaye angejua. Alimkuta nje ya kliniki Myanga, mikono ya shati imekunjwa, ndevu zimeota.

"Umenifuata mpaka huku na viatu hivyo?"

"Kimeli, barua ilikuwa yako. Alikuwa anakungoja."

Akamwambia yote, kuanzia neno la mlangoni. Kimeli aliinuka, akaingia ndani kumhudumia mtoto aliyeunguzwa na uji. Aliporudi alikuwa anafuta mikono.

"Barua ilinikasirisha siku mbili tatu," alisema. "Kilichoniuma ni ule ugali, Nana. Ulikaa mbele yangu ukanihadithia mvua."

"Nitaandika Nairobi nijitoe."

"Jaribu! Jitoe, na mimi nitaoa mwingine. Tumepoteza nafasi moja, ati sasa tupoteze mbili?"

"Kwani ulikuwa unataka kunioa?"

"Nilitaka nikuambie siku nimevaa suti, bana. Angalia sasa, ninanuka spiriti."

Nanyama alicheka huku machozi yakimdondoka. Kimeli alimshika mkono, lakini aliushika kama mtu anayepima kama kidonda kimepona.

Septemba Nanyama aliingia Nairobi. Februari iliyofuata, mwezi mmoja kabla ya barua za Kimeli kuhitajika, kifua kilimshinda Mzee Wabwile. Walimzika Kimilili. Kimeli alifika akiwa na suti, akasimama karibu na Nanyama mpaka udongo ukajaa.

"Nisamehe," Nanyama alinong'ona.

"Nilikusamehe Myanga. Usiombe tena, utanichosha."

"Hakukuandikia."

"Najua."

Agneta aliwaletea chai, na wakainywa wakiwa wamesimama. Harusi ni Desemba, na wazee wa pande zote mbili wamekubaliana. Kimeli amepata watu wawili wa kumwandikia. Wa tatu bado anamtafuta.